Dawa ya Asani

Haya nayaandika kwa ajili ya mama mwenye mapasa, yaani mapacha, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima. Wengine mkitaka kusoma someni, lakini mimi nazungumza naye. Sina la kumfundisha kuhusu damu wala moyo; hayo ataelezwa na waganga wa hospitali wenyewe, na kama ni mtu kama mimi ataelewa robo tu. Ninachokijua vizuri ni mabenchi ya kusubiria, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu nikiwa na akili zangu timamu.

Niliwazaa Asani na Useni hapa Kabambare, katikati ya kiangazi, watu walipokuwa wanafyeka mashamba mapya. Asani alitangulia. Ndugu na majirani wakaja na vitu viwili viwili: kuku wawili, vitambaa viwili, vipande viwili vya sabuni. Kwetu mapasa hawapewi kimoja. Ukimwogesha huyu, unamwogesha na yule. Ukimsalimia Asani ukampita Useni, uliyempita anakasirika, na pasa akikasirika anarudi alikotoka. Hatusemi pasa anakufa. Tunasema anarudi. Mimi nilimaliza shule ya sekondari, nafundisha darasa la pili, na mambo hayo niliyafuata kama mtu anavyofuata adabu za nyumba aliyoolewa: sikuyaamini sana, na sikuthubutu kuyaacha.

Siku ya tatu Asani alikataa ziwa. Mwili ulikuwa wa moto, na ukiibana ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Hospitalini walitafuta mshipa mikononi na kichwani wasiupate, kwa hiyo wakampitishia mpira mwembamba kitovuni, wakampa maji na dawa humo. Ule mpira ulimwokoa, nataka hilo lieleweke. Alianza kunyonya tena. Lakini siku chache baada ya kuutoa alianza kuhema haraka haraka, mbavu zikionekana, midomo ikageuka zambarau kila alipolia. Daktari alimsikiliza kifuani kwa muda mrefu, akavua mipira ya masikioni, akaivaa tena.

“Mama Mapasa,” akaniambia, “peleka mutoto Kasongo. Kule kuko mwenzangu mwenye anajua kuangalia moyo ya watoto na mashine.”

Mume wangu Ramazani alikuwa machimboni Salamabila. Nikaondoka na mama yake, Mama Zainabu. Tulipanda pikipiki mbili, mimi na Asani kwenye moja, yeye na Useni kwenye nyingine. Aliwaamuru madereva waende sambamba, asitangulie mtu. Barabara yenyewe ni ya kupitia mguu mmoja mmoja, madaraja ni magogo matatu, na bado yeye nyuma alikuwa anapiga kelele: “Hapana kutangulia! Watoto watembee pamoja!” Dereva wangu alicheka mpaka akakaribia kututupa mtoni. Nilicheka na mimi. Ndiyo mara ya mwisho ninayoikumbuka nikicheka bila kujilazimisha. Tulifika Kasongo siku ya pili tukiwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Mashine ya kuangalia moyo ilitegemea umeme wa jua. Kwa hiyo kila asubuhi tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wajawazito na sisi, tukiangalia mbingu. Kiangazi kina moshi wa mashamba, jua linachelewa kupata nguvu. Nilijifunza kukaa na mtoto mgonjwa bila kuuliza zamu yangu ni lini. Mara ya kwanza unauliza kila saa, baadaye unanyamaza, maana ukiuliza unamchosha muuguzi na jua haliongezeki.

Daktari wa Kasongo alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti. Alimpaka Asani mafuta ya baridi kifuani, akaanza kutembeza kile kidude. Kwenye kioo niliona moyo wa mwanangu, mdogo, una haraka. Akanionyesha kwa kidole.

“Unaona hii kitu inacheza hapa? Ni damu yenye kuganda sababu ya ule mpira wa kitovu. Donge.”

“Ndani ya moyo?”

“Ndani ya moyo, upande wa kuume. Iko sawa na mbegu ya muhindi. Tutamupa dawa ili isiongezeke, mwili uimalize yenyewe polepole. Tunaogopa kitu kimoja: isitoke pale. Ikitoka itaenda mu mapafu.”

Akaendelea kueleza, mimi nikawa sisikii. Niliona mbegu ya muhindi tu. Mama Zainabu alikuwa amesikia vizuri kuliko mimi, kwa sababu alimsogeza Useni mbele akauliza, “Na huyu?”

“Huyu iko na shida gani, mama?”

“Hana shida. Ni pasa.”

Daktari aliangalia foleni mlangoni, akamwangalia yule mama mzee, akapaka mafuta kwenye kifua cha Useni. Akatembeza kidude, akasema, “Muzima kabisa.” Mama Zainabu akamshukuru kwa mikono miwili. Nikamheshimu daktari yule tangu dakika ile.

Dawa ilikuwa sindano, mara mbili kwa siku, chini ya ngozi ya paja. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima, ikaletwa kutoka Kindu, na muuguzi aliyeitwa Mama Sifa ndiye aliyeichanganya na kuigawa kwenye mabomba ya sindano madogo mno, membamba kama kijiti cha kibiriti. Asubuhi paja la kuume, jioni la kushoto. Mapaja ya Asani yakajaa madoa ya buluu. Sikuhesabu tena siku kwa majina yake, niliuliza tu leo ni paja lipi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakauka. Ziwa la kushoto lilikataa kutoa maziwa, nywele zilibaki kwenye kitana, na kanga niliyojifunga mara moja sasa ilizunguka karibu mara mbili.

Kila Asani alipochomwa, Mama Zainabu alikuwa na kazi yake. Alimwomba Mama Sifa bomba tupu lisilo na sindano, akaligusisha kwenye paja la Useni, akasema, “Na weye umepata, baba. Umeona? Hatukukusahau.” Akalifuta, akalifunga kwenye pindo la kitenge. Wauguzi walizoea. Siku nyingine Mama Sifa mwenyewe alimkumbusha: “Mama, bado huyu wa pili.” Mimi niliona aibu. Nilijiambia, mimi mwalimu, mbele ya watu wote hawa, mama mkwe anadanganya mtoto kwa bomba tupu.

Baada ya wiki mbili daktari aliangalia tena. Donge lilikuwa limepungua, limekuwa kama punje ya mpunga. Akatabasamu, na Mama Sifa akaja kuchungulia kioo. Siku ile tulikunywa chai na mkate kwenye benchi, na mjamzito mmoja nisiyemjua alinikumbatia. Kwa kuwa chumba kilijaa watoto wenye kikohozi, walituruhusu tulale kwa shangazi yake Ramazani, upande wa sokoni. Asubuhi tungekuja kuchomwa hospitalini, na jioni ningemchoma mwenyewe. Mama Sifa alinifundisha kwa ndizi mbivu: unabana ngozi, unaingiza, unasukuma polepole, unahesabu mpaka tano. Niliharibu ndizi nne. Ya tano akasema, “Mwalimu amekuwa munganga.” Nikavimba kichwa.

Kila asubuhi nilirudi na bomba moja la jioni, limefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kopo la maziwa. Jioni za kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa. Asani alipata yote, Useni aligusishwa bomba tupu na bibi yake.

Halafu siku moja Useni akakataa ziwa. Tangu asubuhi mpaka alasiri hakunyonya. Hakuwa na homa, alikuwa anageuza tu kichwa na kuangalia ukuta. Mama Zainabu hakusema kitu. Angesema ningebishana naye, na ningebishana vizuri. Alikaa tu mlangoni, amemshika yule mtoto.

Jioni nilitoa bomba kwenye kopo. Nikafikiri: ameshajua. Mtoto gani hajui tofauti ya sindano na kugusishwa? Mwenzake analia kweli, yeye anaguswa kwa uongo. Nikafikiri tena, na hii ndiyo inayoniuma, kwa akili ya shule kabisa: ni dawa ya kulainisha damu, nusu yake haitamdhuru mzima, na mgonjwa donge lake limeshakuwa dogo, nusu itamtosha. Nikamchoma Asani, nikasukuma mpaka katikati ya mistari, nikachomoa. Nikamchoma Useni, nikamaliza iliyobaki. Sindano ile ile. Useni akalia kwa nguvu sana. Nilipompa ziwa alinyonya mpaka akalala.

Mama Zainabu aliniangalia. “Umemupa kweli?”

“Nimemupa.”

Hakufurahi, wala hakunikataza. Alisema tu, “Weye ndiye umefundishwa,” akaenda kusali magharibi.

Kesho yake Useni alinyonya. Ungefanyaje? Mimi niliendelea. Kila jioni nusu kwa nusu, na nilihesabu mistari kwa uangalifu mkubwa, nisimpunje mmoja. Kwa kweli nililala vizuri siku zile. Niliona nimewatosheleza wote, hospitali na ukoo.

Mvua za kwanza zilianza kupiga. Mawingu yakafanya tusubiri siku tatu kabla mashine haijapata nguvu. Daktari aliangalia, akarudia, akamgeuza Asani ubavu.

“Imeongezeka,” akasema. “Imerudi kwenye muhindi. Imepita kidogo.” Akanigeukia. “Jioni unamupiga sindano?”

“Ndiyo, Dokta.”

“Kila siku? Haujasahau hata siku moja?”

“Hata moja.”

Hakuna neno la uongo hapo. Hakuniuliza kama ni yote, na kwa nini angeuliza? Ni nani duniani angeuliza swali hilo? Mimi nilijua jibu lake na nilikaa nalo kinywani. Nilimwogopa, nilimwonea haya Mama Sifa na ndizi zake. Zaidi ya hayo niliogopa kwamba nikisema, nitakatazwa, na Useni atageukia ukuta tena. Daktari akaongeza dozi. Kwa hiyo jioni ile nusu ya Useni nayo ikawa kubwa zaidi.

Walipotimiza wiki sita niliwapeleka kwenye chanjo. Asani waliahirisha, Useni akachanjwa pajani. Tulipofika nyumbani paja lilikuwa limevimba. Saa mbili baadaye lilikuwa gumu, jeusi jeusi, kubwa kuliko kichwa chake, na tundu la chanjo bado lilikuwa linatoa damu. Nilikimbia naye mvuani mpaka hospitalini, kanga ikiwa imelowa damu. Mama Sifa alimpokea, akamfunua mguu mwingine kulinganisha. Akainama. Kwenye paja lile la kushoto kulikuwa na madoa ya buluu, yamepangana vizuri, kazi ya mkono uliofundishwa.

“Mama Mapasa. Hii ni nini?”

Nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono magotini, akasema, “Yesu wangu.” Kisha akasimama akakimbia kumwita daktari. Nimetukanwa na watu baadaye, lakini hakuna tusi lililonipata kama kile kitendo chake cha kukaa.

Useni walimfunga mguu, wakamchoma vitamini ya kugandisha damu, wakamwongeza damu kidogo. Asani wakamrudisha kitandani, dozi nzima, asubuhi na jioni, mikononi mwa Mama Sifa. Kopo la maziwa likarudi kwa shangazi. Siku tatu nilikaa katikati ya vitanda viwili nikiwa na kazi moja tu, ya kuomba kwamba donge lisisogee, lipungue kabla halijaamua kuondoka. Mama Zainabu aliacha kumgusisha mtu bomba tupu. Aliogopa kugusa chochote.

Siku ya nne asubuhi Asani alikuwa kwenye ziwa langu la kuume, ananyonya vizuri. Akaliachia. Akaniangalia kama mtu aliyeshtushwa na jambo, macho wazi, mwili ukajinyoosha. Midomo ikawa zambarau, halafu kijivu. Waliniondoa chumbani. Kupitia mlango niliona mgongo wa daktari ukipanda na kushuka kwa muda mrefu sana, mpaka kivuli cha nguzo ya ukumbi kikasogea kutoka benchi la kwanza hadi la pili. Kisha mgongo ukatulia.

Alipotoka nilimshika mkono wa koti.

“Dokta, ningemupa yote, angepona?”

“Sijui, mama.”

“Niambie.”

“Wengine tunawapa yote na wanakufa. Wengine wanapona. Huyu sijui.”

Nilitaka aseme ndiyo, nijue mimi ni nani. Au aseme hapana. Hakunipa hata kimoja, na sasa naona alikuwa mkweli, lakini siku ile nilimchukia.

Tulimzika Kasongo, mvua ikinyesha. Mama Zainabu alinishika kidevu, akaniambia kwa sauti ya chini, “Usilie. Amerudi. Ukilia, Useni atamufuata.” Wanawake wote pale hawakulia. Walizungumza habari za mihogo. Mimi nilitazama matope.

Ramazani alifika siku mbili baadaye kutoka Salamabila, pikipiki ikiwa imeharibika mara tatu njiani. Nilimweleza yote, sikumficha. Akauliza, “Mama alijua?” Nikasema alijua, lakini mkono ulikuwa wangu. Akamchukua Useni, akamweka begani, akatoka naye nje. Mpaka leo ananisalimia, anakula ninachopika, ananiuliza habari za shule. Haniiti tena Mama Mapasa. Ananiita Mwalimu.

Useni sasa anatembea, anachechemea kidogo mguu ule wa chanjo. Kiangazi kingine kimekuja na kupita. Watu wanasema nimshukuru Mungu, na namshukuru, asubuhi na jioni, ila ninapomaliza kushukuru kosa langu bado liko pale pale.

Wiki iliyopita nilimpeleka kupimwa uzito. Kwenye benchi karibu yangu alikaa msichana kutoka Wamaza, amechoka, ana mapasa wa kike. Mmoja alikuwa anakohoa vibaya, mwenzake ananyonya kwa raha zake. Muuguzi alimpa chupa ya dawa ya maji na kijiko, akamwonyesha mgonjwa ni yupi. Muuguzi alipogeuka, msichana akafungua chupa, akajaza kijiko, akamnywesha mgonjwa kidogo, akasogeza kijiko kwa mwingine.

Nikamshika mkono. “Mupe huyu mugonjwa peke yake, mama. Yote.”

Akacheka kwa heshima. “Na huyu? Ni mapasa, mama.”

“Najua ni mapasa. Nilikuwa na mapasa.”

“Mwingine iko wapi?”

Ningeweza kusema amerudi. Lilikuwa jibu rahisi, na wanawake wote wa benchi lile wangeitikia kwa kichwa.

“Amekufa,” nikasema. “Anaitwa Asani. Amekufa kwa sababu nilimugawia ndugu yake dawa yake.” Halafu nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, kamasi zikinitoka, na Useni akinivuta nguo. Sikuweza kunyamaza. Nilikuwa na mwaka mzima wa kulia.

Yule msichana aliniangalia kwa hofu kubwa, akafunika vichwa vya watoto wake kwa kitenge wasinisikie, akafunga chupa. Akainuka, akaenda kukaa benchi la mbali, amenipa mgongo. Uzito ulipokwisha kupimwa aliondoka na watoto wote wawili, chupa ikiwa mkononi. Jioni ile sijui aligawa vipi.